Sungura, paka na komba: jibu kwa mwalimu wa skuli ya maandalizi Wete

Suala: Asalaam aleikum, daktari. Nasomesha skuli ya maandalizi hapa Wete, Pemba. Darasa langu lina watoto 44 wa miaka 4 na 5, na uwanja wetu ni mpana, una miembe miwili. Nimesikia kwamba watoto wakifuga wanyama skulini hufunguka akili na tabia, nikapenda tuanze na sungura. Wazazi hawajakubaliana. Wapo wanaoogopa maradhi. Wapo wanaosema mtoto kaja kusoma, hakuja kuchezea wanyama. Mmoja kaniuliza kama dini inaruhusu kumfungia kiumbe tunduni. Tuna paka anayeshinda barazani kwetu, na wiki iliyopita mzazi mwengine katuletea komba mdogo ndani ya pakacha. Watoto wamempenda mno. Kuna faida ya kweli katika haya? Na kama ipo, tufuge nini?

Jibu: Waalaikumu salaam, mwalimu. Faida ipo, tena kubwa, na mimi daktari wa mifugo natamani kila skuli ya maandalizi ya Unguja na Pemba ingekuwa na banda lake. Ila kuna sharti. Mtoto hufaidika kwa kumhudumia mnyama, kwa mikono yake, kila siku, kwa muda mrefu. Sungura anayelishwa na mlinzi huku watoto wakimchungulia kwenye wavu atawachangamsha wiki ya kwanza. Wiki ya tatu hakuna atakayegeuza shingo kumtazama. Kwa hiyo kabla hujauliza ufuge nini, jiulize watoto watafanya kazi gani. Mengine yote katika jibu hili yanatoka hapo.

Watafiti wamelipima jambo hili kwa njia mbalimbali. Mwaka 1990 mtafiti wa Japani, Kayoko Inagaki, alichapisha matokeo ya kuwalinganisha watoto wa umri wa hao wako: waliofuga samaki wa dhahabu nyumbani na wasiofuga. Kwamba wafugaji walijua zaidi habari za samaki, hilo mtu angelitegemea. Lakini walipoulizwa habari za chura, ambaye hawakuwahi kumfuga, walikisia vizuri zaidi kuliko wenzao, kwa kupimia samaki wao. Walijibu, kwa mfano, kwamba chura mdogo huwezi kumzuia abaki mdogo, kwa sababu hata samaki alipoletwa alikuwa mdogo na sasa amekua. Fikiri uzito wa jambo hilo kwa mtoto wa miaka mitano. Amekichukua kitu anachokijua kwa mikono yake akakitumia kama hoja ya kukiendea kitu asichokijua. Watoto wanaokaririshwa picha za wanyama ukutani hufika huko kwa shida sana, kwa sababu picha haikui, haiumwi wala haili.

Utafiti mwengine umefanyika Australia na kuchapishwa 2013. Watoto wenye usonji, kila mmoja pamoja na wenzake wawili wa darasani, walipewa muda wa kukaa na simbilisi, wale wanyama wadogo wanaofanana na panya mnene asiye na mkia. Wakalinganishwa na pale walipopewa vitu vya kuchezea. Mbele ya mnyama walizungumza zaidi, waliwatazama wenzao usoni zaidi, walicheka zaidi na kilio kikapungua. Kama katika hao 44 unaye mtoto mzito wa kusema, au anayekaa peke yake pembeni ya mkeka, mpe zamu za mwanzo. Mtoto wa namna hiyo akiulizwa na mwalimu hunyamaza kwa sababu anaogopa kukosea. Mnyama hamsahihishi mtu. Na mwenzake anapomuuliza, "Mbona hali?", anajikuta ameshajibu kabla hajakumbuka kuwa yeye ni mtu wa kunyamaza.

Sasa nije kwa mzazi anayesema huu ni mchezo. Huyo usibishane naye kwa maneno; mwalike skulini. Visiwani kwetu tuna vituo vya TuTu, na kirefu chake ni Tucheze Tujifunze, kwa hiyo fikra ya kwamba mtoto mdogo husoma kwa kucheza si ngeni hapa. Ila mzazi anataka kuona, na ni haki yake. Mfanyie hivi. Tafuta kuku wa kienyeji anayeatamia. Mpe kikapu chenye majani makavu kwenye kona ya stoo, pasipo na zogo. Siku anayoanza kulalia mayai, watoto watie alama kwenye kalenda kubwa ya ukutani, kwani yai la kuku huanguliwa siku ya 21. Siku ya saba ziba madirisha ya stoo kwa kanga, ingiza watoto wachache wachache, kisha wewe mwenyewe uliweke yai juu ya tochi ya simu. Watoto wasilishike. Yai zima linawaka rangi ya chungwa. Ndani yake mishipa myembamba imetanda kama utando wa buibui, na katikati kuna doa jeusi. Ukitulia, doa lile linatikisika.

Watoto watanyamaza bila kuambiwa. Kisha uliza zimebaki siku ngapi. Mtoto atahesabu vidole vyake kumi, vitamwishia, ataazima vinne vya jirani yake. Huyo ametoa 7 kwenye 21 kabla hajafundishwa kutoa. Na siku zinavyokwenda atapata maneno ambayo watoto wengi wa mjini siku hizi hawana tena: kuatamia, kutotoa, mtetea, koo, kiota, kisha yai viza, lile ambalo siku ya 21 inapita na halikutoa kitu. Hilo yai viza lina somo lake, usilifiche. Mzazi akimsikia mwanawe nyumbani anamueleza bibi yake kwamba mayai manane yametoa vifaranga sita, na mawili yalikuwa viza, hatarudi kukuuliza habari ya mchezo.

Suala la dini limeulizwa kwa nia njema na lijibiwe kwa heshima. Anas bin Malik amepokea kwamba mdogo wake, aliyekuwa akiitwa Abu Umayr, alikuwa na kidege akicheza nacho. Kidege kikafa. Mtume, rehema na amani zimshukie, alipokuja nyumbani kwao akamkuta mtoto yule amehuzunika, akamsemesha: "Ewe Abu Umayr, amefanya nini Nughayr?" Wanavyuoni wamechukua katika hadithi hiyo ruhusa ya mtoto kuwa na ndege wa kufuga, maadamu analishwa na hateswi. Pamoja nayo kuna hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa ajili ya paka aliyemfungia, hakumlisha wala hakumuachia ajitafutie. Mpe mzazi wako zote mbili kwa pamoja, kwani ya kwanza inafungua mlango na ya pili inaweka sharti. Ingekuwa vizuri zaidi kama mwalimu wa madrasa wa mtaani kwenu ndiye atakayezisoma siku ya kikao cha wazazi. Maneno hayo yakitoka kinywani mwake yatakuwa na uzito zaidi kuliko yakitoka kwangu. Kuhusu paka, hadithi ya Abu Qatada iko wazi kwamba si najisi, ni katika wale wanaotuzunguka majumbani.

Mbwa simshauri kwa skuli yako. Huko Vienna, katika utafiti uliochapishwa 2003, mbwa aliwekwa darasani kwa watoto wa mwaka wa kwanza, wakawa wanamsikiliza mwalimu wao zaidi na ugomvi ukapungua. Sina shaka na faida hiyo. Lakini wazazi wetu wengi ni wa madhehebu ya Shafi, ambamo mate ya mbwa huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo, na mtoto anayetoka kwako anakwenda chuoni kusoma Kurani. Ukiwalazimisha, utaipoteza imani yao katika mpango mzima, wakati hayo yote unaweza kuyapata kwa sungura.

Maradhi ndiyo sehemu ambayo sitaki uipite haraka, mwalimu. Hofu ya wazazi ina msingi, na dawa yake ni utaratibu.

La kwanza ni bakteria wa salmonela. Wanaishi tumboni mwa kuku, bata, kobe, mijusi na vyura bila kumuumiza mwenyewe, na mtoto mdogo wakimpata humletea kuharisha na homa kali. Marekani ilipiga marufuku uuzaji wa kobe wadogo wa chini ya inchi 4 mwaka 1975 kwa sababu watoto walikuwa wakiugua sana kwa kuwashika na kuwatia mdomoni. Ushauri unaofuatwa na madaktari ni kwamba mtoto wa chini ya miaka mitano asishike kabisa vifaranga, kobe, mijusi wala vyura. Watoto wako wa miaka 4 wako chini ya umri huo. Kwa hiyo kuku wako na vifaranga vyake ni wa kutazamwa na kuhesabiwa, na mikono ya watoto ikae mbali. Najua kifaranga cha siku mbili kinavyomuita mtoto. Weka wavu baina yao na usilegeze.

La pili ni mikono. Kabla hujanunua mnyama yeyote, weka kibuyu chirizi au ndoo yenye koki pale pale mlangoni pa banda, na sabuni yake imefungwa kwa kamba. Mtoto akitoka bandani ananawa kwa sabuni, si kuchovya vidole, muda wa kuhesabu taratibu hadi 20. Hapo tena umeshapata somo la hesabu. Uji unywewe upande mwengine wa uwanja, na hakuna chakula cha mtoto kinachoingia bandani. Skuli ambayo haina maji ya uhakika isifuge kwanza, itafute maji.

La tatu ni mchanga, na hapa naingia kwa paka wako wa barazani. Huyo ameshakuwa mnyama wa skuli, mmependa msipende, kwa hiyo mfanyeni awe salama. Apatiwe chanjo ya kichaa na dawa ya minyoo, na kama inawezekana afungwe uzazi, la sivyo mwakani mtakuwa na paka kumi. Paka na mbwa hupenda kujisaidia kwenye mchanga laini, na mayai ya minyoo yao hutoka na mavi yakaanguliwa humo. Viluwiluwi vya minyoo hiyo huingia kwenye ngozi ya mguu au makalio ya mtoto anayekaa mchangani na kutembea chini kwa chini, vikiacha mstari mwekundu unaowasha. Kama mna shimo la mchanga wa kuchezea, lifunikwe kwa turubai kila mnapoondoka. Na kuna kimelea cha paka kiitwacho toksoplasma, ambacho ni hatari kwa mimba. Mayai yake hayaambukizi yakiwa mabichi. Huhitaji baina ya siku 1 na 5 mpaka yaive. Maana yake, mavi ya paka yakiokotwa kila siku na kufukiwa, hatari inapungua sana. Mwalimu mjamzito asiifanye kazi hiyo kabisa.

La nne ni kichaa cha mbwa, na kwa Pemba nina la kusema zaidi. Kisiwa chenu kiliwahi kukiondoa kichaa kwa kampeni za kuchanja mbwa, kikawa hakipo tangu 2014. Mwaka 2016 kikaingizwa tena, kikasambaa, na chanjo zikakizima kwa mara ya pili kufikia 2018. Maradhi haya yakishaonesha dalili kwa binadamu hayana tiba, na duniani watu 4 katika kila 10 wanaoumwa na wanyama wanaoshukiwa kuwa na kichaa ni watoto wa chini ya miaka 15. Banda lenu la sungura ndiyo nafasi yenu ya kuwafundisha watoto hili wakiwa wametulia. Mbwa au paka usiyemjua humgusi. Akikujia unasimama kimya, hukimbii. Akikuuma au hata kukuparura unamwambia mtu mzima siku ile ile, na hakuna atakayekugombeza. Hilo la mwisho lirudie mara nyingi, maana watoto wengi hulificha jeraha kwa kuogopa kupigwa. Mtu mzima naye ajue kazi yake: jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha hospitali siku hiyo hiyo kwa chanjo.

Mashilingi, yaani choa, pamoja na upele na viroboto navitaja kwa kupita. Vinaonekana, vinatibika, na mtu wa mifugo wa wilaya anavijua. Mtoto mwenye pumu asifagie banda. Apewe kazi ya kuchuma majani.

Komba arudi alikotoka, mwalimu, na usichelewe. Najua watoto wamempenda, na macho yale makubwa nani asiyapende. Lakini komba ni mnyama wa usiku. Mchana ambao watoto wako macho, yeye anataka kulala tunduni mwa mti, na kila mkono unaomgusa ni adhabu kwake. Akikua atauma, na jino lake ni kali. Wasiliana na maofisa wa misitu hapo Pemba wakuelekeze namna ya kumrudisha karibu na alipokamatwa, na mzazi aliyemleta umshukuru kwa nia yake. Vivyo hivyo kwa kasa mchanga kutoka ufukweni, ambaye analindwa na sheria, na kwa popo aliyeanguka chini, ambaye hashikwi kwa mkono kabisa.

Furaha yao lakini usiizime. Komba analia usiku karibu na nyumba nyingi za Pemba, kilio kama cha mtoto mchanga. Kila asubuhi uliza nani kamsikia komba jana, upande gani, kabla ya isha au baada yake, na utie alama ukutani. Baada ya mwezi mtakuwa na ramani ya komba wa mtaa wenu bila kumfunga hata mmoja. Na mkipata gari, wapelekeni Kidike, karibu na Mjini Ole, wakawaone popo wa Pemba wananing'inia kwa maelfu juu ya miti mchana kweupe. Popo huyo hapatikani popote duniani ila kisiwani kwenu. Katika miaka ya 1980 alikuwa anakaribia kumalizika kwa kuwindwa na kukatwa misitu, na wamerudi kwa sababu wanavijiji waliamua kuwalinda. Mtoto wa Wete anastahili kulijua hilo kabla hajajua habari za simba.

Tunabaki na sungura, na chaguo lako naliunga mkono. Chukua wawili, wote majike, na mtu wa mifugo awathibitishe jinsia yao kabla hujalipa, kwa sababu wadogo huchanganya na mimba ya sungura ni ya siku 31 tu. Wawili, kwa kuwa sungura peke yake hunyong'onyea. Banda liwe na urefu wa mita 2, upana usipungue sentimita 75, limeinuliwa kutoka ardhini, wavu mzito mbele, paa la makuti, chini ya mwembe wenye kivuli cha mchana. Upande mmoja wa sakafu uwe ubao, si wavu mtupu, la sivyo nyayo zitachubuka. Usiku lifungwe kwa komeo. Ngawa haoni tabu kufungua kipande cha kamba. Adui mkubwa zaidi kwenu ni joto. Baina ya Disemba na Machi sungura anaweza kufa mchana mmoja. Ukimuona anahema kwa kasi na masikio yamepata moto, mlowanishe masikio kwa kitambaa cha maji baridi, umuweke penye upepo, usimtumbukize majini.

Chakula chake kikubwa ni nyasi, tena zilizokauka vizuri, zisikosekane mchana na usiku kwa sababu meno yake hayaachi kukua. Majani ya viazi vitamu na mchicha ni ya kuonjesha, fungu dogo. Majani mabichi ya muhogo na majani ya mparachichi asipewe. Yana sumu kwake. Lima tuta la mchicha pembeni ya banda. Mavi ya sungura huwekwa kwenye tuta bila kuozeshwa kwanza, mchicha hukua tayari kwa wiki tatu au nne, fungu moja linakwenda bandani na jengine jikoni kwenu. Watoto watauona mzunguko mzima kwa muhula mmoja, na hakuna haja ya kuwaeleza kwa maneno mengi.

Kumshika kuna namna yake, na hili lifundishe kabla sungura hajafika, kwa kutumia kanga iliyoviringishwa. Sungura habebwi na mtoto aliyesimama. Akiruka akaanguka anaweza kuvunjika mgongo. Mtoto akae kwenye mkeka, miguu ameinyoosha, kanga imekunjwa mapajani. Wewe ndiye unayemtoa sungura, mkono mmoja chini ya kifua, mwengine umebeba makalio, masikio hayaguswi. Unamuweka mapajani akiangalia kwa mtoto. Mtoto anapitisha kiganja kuanzia kichwani kwenda mgongoni, upande manyoya yanakolalia, taratibu. Sungura akipiga mguu chini au akibana masikio nyuma, amekataa. Anarudishwa, hata kama zamu haijaisha. Watoto watatu kwa wakati mmoja, dakika kumi, kuanzia saa mbili asubuhi kabla ya jua kali. Mtoto wa miaka minne kuambiwa kwamba kiumbe mwengine amekataa, na yeye akaacha, ni jambo kubwa kuliko herufi zote atakazojifunza mwaka huo. Hilo nalisema nikiwa na yakini.

Kuhusu zamu, nakushauri uwagawe hao 44 makundi ya wanne wanne, na kila kundi lishike wiki nzima. Ni makundi 11, wiki 11, karibu muhula mzima. Walimu wengi hupendelea zamu ya siku moja ili kila mtoto apate haraka, lakini siku moja haitoshi mtoto kumjua mnyama. Wiki nzima anaona jana na leo. Mmoja anabadilisha maji, mmoja anaweka nyasi, mmoja anafagia pamoja na mtu mzima, na wa nne anajaza ubao wa picha: chombo cha maji, nyasi, vidonge vya mavi. Amekula? Tia duara. Amejisaidia? Tia duara. Duara lisipotiwa, kundi zima linakuja kukwambia mara moja. Usiuone ubao huo kuwa wa kuwafurahisha watoto. Sungura aliyepitisha siku nzima hajala yuko hatarini, kwani tumbo lake likisimama hufa haraka, na dalili ya kwanza ni hiyo hiyo ambayo mtoto wa miaka mitano anaweza kuiona. Watoto wako watakuwa wanafanya kazi ninayoifanya mimi, na wakijua kwamba duara lao lina maana, hawatalitia kwa uongo.

Siku moja sungura atakufa. Sungura aliyetunzwa huishi miaka mitano hadi minane au zaidi, lakini usitegemee kuwa litakukuta mbali. Watoto wa umri huu wengi bado hawajajua kwamba kufa hakuna kurudi. Ukiwaambia amelala, wapo watakaoogopa kulala. Ukiwaambia amesafiri, watamsubiri, na baba yao akisafiri kwenda Unguja watapata hofu. Sema amekufa, mwili wake umesimama, hapumui, haumwi, hatarudi. Mzikeni pembeni ya uwanja, shimo refu, wenye kutaka kulia walie. Mtume alimuuliza Abu Umayr kuhusu kidege chake kilichokwisha kufa. Hakumwambia anyamaze, wala hakumuahidi chengine. Usikimbilie kununua sungura mpya Jumatatu inayofuata. Waulize wenyewe, baada ya wiki kadhaa, kama wako tayari.

Na lipo jambo la kuliamua mapema: je, sungura hawa wataliwa? Ni nyama halali, na watoto wetu wanajua kuchinja, wanaona mbuzi kila Idd el Hajj. Ufugaji wa nyama ni kazi yenye heshima. Lakini mnyama aliyepewa jina na darasa na kukaa mapajani mwao, kisha akatoweka siku ya kikao cha wazazi, atawafundisha watoto kwamba mtu mzima hasemi kweli. Tangaza tangu mwanzo kwa wazazi na kamati kwamba hawa si wa kitoweo, na iandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kabla hujanunua chochote, chukua kalenda ya mwaka mzima uiweke mezani mbele ya walimu wenzako na kamati. Pitieni Jumamosi na Jumapili zote, likizo zote, mwezi wa Ramadhani ambapo saa za skuli hubadilika, siku za Idd, na msimu wa karafuu ambapo nusu ya mtaa iko mashamba. Kila siku ambayo watoto hawapo iandikwe jina la mtu mzima mmoja, si "kamati" wala "mlinzi au mwengine", atakayeweka maji na nyasi asubuhi na kupita tena jioni. Mtu huyo akubali mwenyewe mbele ya wengine na aoneshwe kazi. Kama siku ya Idd mosi haina jina, sungura wasubiri. Anzeni na kuku anayeatamia na ramani ya komba mpaka jina lipatikane.